Sura ya Profesa Zebaki

Jumamosi kwa akina Eliana haikuwa siku ya kulala. Bibi aliamka na jogoo, akaoga, akasali, kisha akaja kugonga mlango wa chumba cha wajukuu kwa kifundo cha bakora yake.

"Eliana. Umeamka, au nimwite Profesa wako aje akuamshe?"

"Nimeamka, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, alizeti haitajianika yenyewe."

Mwezi wa sita ulikuwa umeingia, na upepo wa kijiji chao cha Sepuka ulikuwa ule wa kupasua midomo. Eliana alitandaza turubai uani, akamwaga alizeti na kuisambaza kwa mikono. Kisha akawafungulia kuku, akaenda bombani mara mbili, akarudi kumwogesha mdogo wake Yohana, aliyekuwa na miaka minne na uadui mkubwa na maji ya baridi. Mama yao, Martina, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Singida mjini kununua manukato ya sabuni. Baba yao alikuwa kwenye kazi za ujenzi Manyoni, akirudi mwisho wa mwezi.

Mikono ya Eliana ilikuwa kwenye kazi, lakini kichwa chake kilikuwa nyuma ya banda la kuku. Huko ndiko kulikokuwa na karakana yake.

Sasa huyo Profesa ambaye Bibi alimtania Eliana naye ni nani? Mjomba wa Eliana alikuwa amemletea kutoka Dodoma vitabu viwili vya katuni, vimechakaa na kukosa majalada. Shujaa wa vitabu hivyo aliitwa Tai Mweupe. Aliruka angani, alinyanyua malori, na kila mtoto wa darasa la sita alitaka kuwa yeye. Kila mtoto isipokuwa Eliana. Yeye alimpenda adui. Profesa Zebaki hakuweza kuruka, wala hakuwa na misuli, lakini mpe mabati na nyaya mbovu, atakuundia mkono wa chuma wa kuvunja ukuta au mashine ya kuiba mawingu. Alikuwa mtu mbaya, ndiyo, lakini alikuwa fundi. Na kila Tai Mweupe alipomshinda kwa mabavu, Profesa alitoroka kwa mlango wa nyuma akaenda kuunda kingine.

Yohana alimwogopa huyo Profesa kupita kiasi. Upara wake, jicho lake moja la kioo na meno yake ya chuma vilimtosha mtoto kukimbia. Eliana alilijua hilo, na alilitumia vibaya. Akitaka kumfukuza mdogo wake kwenye vitu vyake, alifungua ukurasa wenye ile sura, basi, Yohana huyo mbio kwa Bibi.

Kwenye jalada la daftari lake Eliana alikuwa amenakili maneno ya Profesa kwa kalamu nyekundu: Kanuni ya kwanza ya mwenye akili, usimpe mtu siri yako.

Siri yake ya wiki hiyo ilikuwa mkono wa chuma. Ijumaa inayofuata ilikuwa siku ya kufunga shule, na kila mwanafunzi mwenye kipaji alitakiwa kuonyesha kitu mbele ya wazazi. Eliana alikuwa ameunda vidole kwa makopo, akavifunga kwa springi za kalamu, akapitisha nyaya za redio mbovu hadi kwenye balbu ya tochi. Mkono ulifumba na kufumbua, na balbu iliwaka. Tatizo lilikuwa moja tu. Makopo yalikuwa ya maziwa ya unga, na kila kopo lilikuwa na picha ya mtoto mchanga anayecheka. Ni nani atakayetetemeka mbele ya mkono wa chuma wenye watoto wanaocheka?

Hapo ndipo akili yake ilipompeleka kubaya.

Mama alikuwa kwenye kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni kwa mafuta ya alizeti. Sabuni hiyo haipikwi bila kostiki, yale magadi makali yanayouzwa kama chenga nyeupe. Chenga hizo zikitiwa majini, maji huchemka yenyewe bila moto, kwa hiyo akina mama huyachanganya siku moja kabla, wakayalaza ndani ya ndoo yenye mfuniko ili yapoe. Yakishapoa hayana rangi wala harufu. Ukiyatazama utadhani ni maji ya kisima. Ndoo ililazwa stoo, mlango ukafungwa kwa kufuli, na ufunguo ukatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Kila mara Mama alipoulaza ule mchanganyiko, alirudia maneno aliyofundishwa na mwalimu wa kikundi: "Yakimwagikia ngozi, maji mengi. Yakiingia mdomoni, sukutua, usitapishwe, kimbia hospitali."

Eliana aliyasikia maneno hayo mpaka akayakariri. Lakini alikuwa ameona pia jambo jingine. Siku moja tone la kostiki liliangukia kigoda cha Mama, na asubuhi rangi ya kigoda ilikuwa imebanduka yote.

Basi, jana yake, Ijumaa jioni, Mama alipokuwa akisonga ugali, Eliana alitoa ufunguo kwenye msumari. Alivaa glavu za Mama, akajiona mwangalifu kweli. Alichota kostiki kwa kikombe cha kikundi, akaitia kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akayamwagia makopo nusu yake, akarudisha kila kitu mahali pake. Asubuhi ya Jumamosi makopo yalikuwa yanang'aa, hayana hata mtoto mmoja. Nusu ya kostiki ilibaki ndani ya chupa. Eliana aliiweka juu ya jiwe nyuma ya banda la kuku na kusema moyoni kwamba angeimwaga baadaye.

Saa nne hivi, Yohana alirudi kutoka kwa jirani, Mama Urbano, ambaye aliuza togwa na hakumwacha mtoto apite bila kumpa kidogo kwenye kikombe. Alikuja anajilamba midomo. Akamwona kuku mmoja wa Bibi, akaanza kumfukuza. Kuku akazunguka nyuma ya banda. Yohana naye akazunguka.

Eliana alikuwa amepiga magoti kwenye turubai, akigeuza alizeti. Alisikia kilio. Hakikuwa kilio cha mtoto aliyeanguka. Kilianza kwa nguvu, kisha kikakatika, kisha ikawa sauti ya mtu anayekabwa.

Alifika wa kwanza. Chupa ilikuwa chini, kizibo pembeni, kostiki inanywewa na udongo. Yohana alikuwa amesimama, kinywa wazi, mate yanamtiririka hadi kifuani, midomo imekuwa myekundu. Alimtazama dada yake na kunyoosha mkono.

Eliana alijua palepale. Lakini mguu wake, sijui uliongozwa na nani, uliisukuma ile chupa chini ya banda.

Bibi akaja akichechemea. "Amekuwaje? Yohana, umekula nini?"

Yohana hakuweza kusema. Alinyoosha kidole kuelekea banda. Na nyuma ya banda, ng'ambo ya ua wa miti, ilikuwa nyumba ya Mama Urbano.

"Togwa," Bibi akasema. "Nilijua tu. Amempa togwa iliyoharibika." Akaanza kuongea Kinyaturu kwa kasi, kama alivyofanya kila alipopatwa na hofu. Akamkokota mtoto hadi jikoni, akatia konzi mbili za chumvi kwenye kikombe cha maji. "Anywe hii atapike. Akitapika litatoka lote."

Usitapishwe. Aliisikia sauti ya Mama waziwazi, kana kwamba Mama alikuwa amesimama pale jikoni. Kilichochoma koo kikishuka kingelichoma tena kikipanda. Ilitosha aseme neno moja tu, lakini neno hilo lingemfichua mwizi wa ufunguo, na mkono wa chuma ungeishia jalalani, na Mama angemtazama kwa macho ambayo hakutaka kuyaona.

Kanuni ya kwanza ya mwenye akili. Akafikiri haraka kama Profesa. Alijifanya anakimbia kumsaidia Bibi, akajikwaa makusudi, kikombe kikaruka na maji ya chumvi yakamwagika sakafuni.

"Nisamehe, Bibi, nimeteleza. Tumpeleke zahanati tu. Nimwite Kefa na pikipiki yake?"

"Mwite, upesi."

Alipokuwa akikimbia kwenda barabarani, Eliana alijipongeza. Yohana hakutapishwa na siri haikutoka. Alikuwa ameshinda bila kusema kitu. Aibu ya kujipongeza kule ilimkaa miaka mingi, na alipokuwa mtu mzima alinisimulia mwenyewe bila kujificha.

Kefa aliwabeba wote watatu, Bibi amempakata Yohana katikati. Njia nzima mtoto hakulia tena, na hilo lilimtisha Eliana kuliko kilio. Mate tu yalimtoka, sasa yakiwa na uzi wa damu.

Zahanati ilikuwa na watu kama kawaida ya Jumamosi. Nesi Redempta, mama wa makamo aliyekuwa amezalisha nusu ya watoto wa kijiji, alikuwa ndani na mama mjamzito. Wakaambiwa wasubiri kwenye benchi kidogo tu. Bibi hakuwa mtu wa kusubiri. Alimtuma Kefa dukani, na Kefa akarudi na chumvi, kikombe na chupa ya maji.

"Safari hii nitashika kikombe mwenyewe," Bibi alisema.

Wakati huohuo Mama Urbano akaingia anahema, kanga imemlegea kichwani. Alikuwa amesikia barabarani.

"Mama, nimeambiwa mtoto ameugua."

"Na wewe unakuja kufanya nini hapa?" Bibi akamjibu. "Umemaliza kumnywesha uchafu wako, sasa umekuja kumtazama akifa?"

"Mama yangu, togwa ile hata Urbano wangu amekunywa. Imetoka jungu moja."

"Juzi na mimi tumbo liliniuma baada ya togwa yake," sauti ikasema kutoka benchi la nyuma. Mwingine akaitikia kwamba hata yeye alikuwa na mashaka. Kufumba na kufumbua, benchi zima lilikuwa na ushahidi. Mtu mmoja akasema mwenyekiti wa kijiji aitwe. Mama Urbano alianza kulia bila sauti. Togwa hiyo ndiyo iliyomsomesha Urbano, na kila mtu pale alilijua hilo.

Bibi alikuwa anakoroga chumvi.

Mlango wa chumba ukafunguliwa na Nesi Redempta akatoka. Alimtazama Yohana mara moja, akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha.

"Mpeni nafasi. Amekunywa nini?"

"Togwa," Bibi akasema.

"Togwa haibabui midomo hivi, bibi. Hapa kuna kitu kimeunguza. Niambieni ukweli. Ni dawa ya kupulizia shambani? Ni mafuta ya taa? Ni maji ya betri? Kila kimoja kina njia yake, na nikikosea njia nitamuumiza mimi mwenyewe."

"Nyumbani hatuna vitu hivyo. Ni togwa tu. Acha nimtapishe kwanza." Kikombe kilikuwa kimeshafika kwenye midomo ya Yohana, na mkono wa pili wa Bibi ulikuwa nyuma ya kichwa chake.

Eliana alitazama mlango. Ulikuwa wazi, upepo unaupiga ukutani. Katika kurasa za mwisho Profesa Zebaki alitoka hivyohivyo, kimyakimya, wengine wakiwa wanabishana. Hakuna aliyekuwa anamtazama Eliana. Kisha Yohana akageuza macho kumtafuta yeye. Si Bibi, si nesi. Yeye.

"Bibi, usimpe," alisema. Sauti ilitoka ndogo mno. Akasema tena, na safari hii zahanati nzima ikasikia. "Usimpe. Si togwa. Ni kostiki ya sabuni. Niliiba mimi, nikaitia kwenye chupa ya maji. Nimeificha chupa chini ya banda la kuku."

Nesi Redempta alikuwa ameshachukua kikombe mkononi mwa Bibi na kumwaga yale maji dirishani.

"Saa ngapi?"

"Saa nne. Imepita kama nusu saa."

"Alikunywa nyingi?"

"Nyingi ilimwagika. Nadhani ni funda moja."

"Ametapika? Amepewa chochote?"

"Hapana. Bibi alitaka kumpa chumvi nyumbani, nikaimwaga makusudi."

Nesi alimtazama kidogo tu, kisha akafanya kazi. Alimsukutua Yohana kinywa kwa maji safi taratibu, akimwinamisha ateme, akaosha kidevu na kifua. Akakataza asipewe kitu chochote, hata maziwa. Akapiga simu kuita gari la wagonjwa, akasema kwa ufupi: mtoto wa miaka minne, kostiki, funda moja, hakutapishwa. Gari lilichukua dakika arobaini. Eliana alikaa sakafuni, ameshika mguu wa mdogo wake, na hakuna aliyemwambia asogee.

Mama aliwakuta hospitali mjini, manukato ya sabuni bado yako kwenye mfuko wake. Eliana alimweleza yote mwenyewe, kuanzia ufunguo. Mama hakumpiga wala hakupaza sauti. Alikaa kwenye ngazi, akafunika uso kwa mikono miwili muda mrefu.

"Ufunguo niliutundika mimi," alisema mwishowe. "Hilo ni langu, nitalibeba. La kwako utalibeba wewe."

Yohana alilazwa siku tisa. Koo lilikuwa limechubuka, lakini halikutoboka. Daktari aliwaambia kwamba kama Yohana angetapishwa, pengine yeye angekuwa anawaeleza habari nyingine. Aliporudi nyumbani alikunywa uji na mtori tu kwa wiki tatu, na sauti yake ilikuwa ya mkwaruzo kama ya mzee mvuta tumbaku. Siku ya kufunga shule ilishapita. Mkono wa chuma ulibaki nyuma ya banda, kuku wakaugeuza kiota.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki, na hilo Eliana hakuambiwa na mtu. Pale zahanati walisikia watu kumi na tano. Waliosema kijijini kwamba togwa ya Mama Urbano ina sumu walikuwa wengi zaidi, na jungu lake lilishinda limejaa.

Asubuhi moja, bombani, wanawake wakiwa wamepanga ndoo, Eliana alisimama mbele yao.

"Shikamooni. Togwa ya Mama Urbano haina kosa lolote. Mdogo wangu aliunguzwa na kostiki niliyoiiba mimi. Nilinyamaza mama huyu akatukanwa mbele yangu. Naomba anisamehe."

Mama Urbano alikuwa kwenye foleni. Alimtazama Eliana kuanzia juu hadi chini, na Eliana hakujua anatazamwa kwa hasira au vipi. Kisha akaondoka, akaenda nyumbani kwake, akarudi na kikombe kimejaa.

"Kunywa," alisema. "Kunywa hapahapa, wakuone."

Eliana alikunywa chote, machozi yakichanganyika na togwa, na wanawake wakamtazama hadi tone la mwisho. Mmoja akaomba naye aletewe. Mchana wa siku hiyo jungu lilikauka.

Mwezi wa saba kikundi kilianza tena kutengeneza sabuni. Nesi Redempta alialikwa kuja kukagua stoo. Alikuta kufuli jipya, na ufunguo unaning'inia shingoni mwa Mama. Alikuta ndoo ya kostiki imewekwa juu ya rafu. Kisha akasimama na kuitazama ndoo yenyewe.

"Na huyu ni nani?"

Kwenye ubavu wa ndoo palikuwa pamechorwa kwa rangi nyekundu kichwa chenye upara, jicho moja la kioo na meno ya chuma.

"Ni Profesa Zebaki," Eliana alisema. "Akina mama walitaka kuandika neno HATARI. Nikawaambia Yohana hajui kusoma, lakini huyu anamwogopa. Nimechora kwenye ndoo zote na kwenye kikombe cha kuchotea."

Nesi alicheka kidogo, akavuta kigoda kisicho na rangi, akaketi.

"Nimesikia habari zake. Anapenda kuficha siri, sivyo? Hebu niambie, kwenye vitabu vyako, huyo Profesa ana mdogo wake?"

Eliana akafikiri. Alipitia kurasa zote kichwani. "Hana."

"Ana bibi? Ana jirani?"

"Hana mtu."

"Ndiyo maana anaweza kunyamaza. Wewe una watu, mwanangu. Akili unayo, wala sitaki uiache, kijiji hiki kinaihitaji. Lakini siku ukiunda kitu ambacho huwezi kumwambia mama yako, jua hapo umeshakosea kabla hujaanza. Na ukikosea, sema mapema. Siku ile ulichelewa nusu saa. Ungechelewa hata dakika moja zaidi, tusingekuwa tunazungumza hivi."

"Ndiyo, nesi."

Nje, Yohana alikuwa anafukuza kuku. Kuku akapita mlango wa stoo uliokuwa wazi, na Yohana naye akaja mbio nyuma yake. Akaiona ndoo. Akasimama ghafla, akaweka kiganja mdomoni, akarudi kinyumenyume hadi uani. Yohana akamwacha kuku huko ndani, akaenda kukaa kwa Bibi.